Siku Zeituni Zote Zilipokuwa za Ami Hattab

Kila asubuhi ya likizo ya Desemba, Emna alifanya mambo yale yale. Alivaa soksi mbili kila mguu, akanywa chai, akachovya mkate wa moto katika mafuta mapya ya zeituni yenye pilipili ya kusaga, kisha akafuatana na Khalati Najoua, mdogo wa mama yake, hadi kwenye kinu cha ushirika cha kukamulia mafuta, mjini Bir Rihana.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kompyuta iliyo karibu na mizani. Mkulima akifika, zeituni zake humiminwa katika kreti za ushirika, zile za plastiki za kijani zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Emna huandika jina la mwenye mali na simu yake, na mashine hutema kibandiko chenye namba. Kibandiko hubandikwa kwenye kreti. Jina halimo pale. Jina limo kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililo ndani ya kompyuta. Zamu ya mtu ikifika, kompyuta yenyewe humpelekea ujumbe: "Zeituni zako zinaingia kinuni. Njoo na mitungi."

Na watu huja mbio, kwa maana Bir Rihana hakuna anayekubali mafuta ya zeituni za mwenzake. Hata ndugu wa tumbo moja, miti yao imepakana, kila mmoja atakuapia kwamba mafuta yake ni dawa na ya nduguye ni ya kupaka bawaba za mlango.

Mpango huo wa kompyuta ulitengenezwa na Khalati Najoua. Bwana Tahar, msimamizi wa kinu, hakuupenda hata kidogo. Tangu ulipogoma mara mbili mwezi wa Novemba, alitembea na chaki mfukoni.

"Ukigoma tena, Najoua," alisema mbele ya Emna, "mimi narudi kwenye ubao wangu, na wewe utafute kazi kwingine."

Siku moja, karibu na adhuhuri, khalati alijifunga mtandio ili aende kumpa bibi dawa zake.

"Andika wanaokuja, basi," alimwambia Emna. "Kile kidirisha cheusi cha amri usikiguse. Ukiona kosa, nipigie."

"Ndiyo, khalati."

Hata mtandio wenyewe haujapotea kwenye kona, akaingia Ami Hattab. Si ami wa mtu yeyote, lakini mji mzima humwita hivyo. Ana miti kumi na mmoja bondeni, punda mmoja, na maneno mengi.

"Emna, binti yangu, hebu nitazamie. Kreti zangu za asubuhi umemwandikia nani? Nimeona kule namba hamsini na saba, na jina kwenye kioo ni la Hajati Mannoubia! Mwanamke ana miti mia nne, leo anataka na yangu?"

Emna akatazama. Ilikuwa kweli. Asubuhi wale wawili walikuwa wanazungumza kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake, naye akachanganya.

Akashika simu, akaiweka chini. Ampigie khalati kwa jambo dogo hivi? Si amemwona akilifanya mara nyingi? Akafungua kile kidirisha cheusi. Mkono mmoja ukiwa ndani ya mfuko wa mbegu za alizeti, akaandika kwa mkono wa pili amri ya kuibadilisha hifadhidata: mwenye kreti awe Hattab. Akabonyeza.

Kompyuta ikajibu: "Safu 212 zimebadilishwa."

Emna aliliona lile neno "zimebadilishwa," akafurahi. Ile namba hakuisoma, na kila safu ilikuwa kreti moja.

"Tayari, ami!"

"Mungu akukuze," alisema Ami Hattab, akavuka barabara kwenda mkahawani.

Hajakaa vizuri, simu yake ikatetemeka. Zeituni zako zinaingia kinuni. Akachukua mitungi yake miwili, akaja mbio. Alipofika mlangoni, simu ikatetemeka tena. Kisha tena. Ikawa inatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Leo nimepata baraka gani?" aliuliza.

Kijana wa kinu akatazama kioo. "Ami, hizi zinazosagwa ni zako. Na zile pale. Na zile za ukutani. Hata za nje ni zako."

Habari haina miguu lakini hukimbia. Mwenye mkahawa, ambaye mwaka mzima hakumjibu Ami Hattab salamu yake vizuri, alivuka barabara amebeba mto wa kukalia na glasi ya chai yenye lozi juu.

"Kaa hapa, Bwana Hattab. Mtu wa heshima hakai juu ya mtungi."

Ami Hattab akakaa. Hakuelewa kitu, lakini mto ulikuwa laini.

Naye Hajati Mannoubia akaingia uani kama upepo wa jangwani. "Kreti mia mbili! Miti kumi na mmoja imezaa kreti mia mbili? Inazaa mapacha? Hattab, zeituni zangu ziko wapi?"

"Hajati, usiniulize mimi. Mimi mwenyewe nimetajirika sasa hivi tu."

Watu wakaanza kupiga kelele. Bwana Tahar akasimamisha usagaji, maana nani angekubali kupewa mafuta yasiyo yake? Na zeituni zilizorundikwa hazina subira. Hupata joto, na joto likizidi mafuta huwa machungu mabaya. Akatoa chaki mfukoni.

Khalati Najoua alirudi akihema. "Emna, nini kilitokea kabla ya tatizo kuanza?"

Emna alitazama ile chaki. Ulimi ukatangulia.

"Umeme ulikatika kidogo, khalati. Ukarudi."

Basi khalati akaenda njia hiyo, njia isiyokuwepo. Akakagua waya wa umeme, akachomoa, akachomeka. Akatambaa chini ya meza hadi kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza hifadhidata, akatoka na utando wa buibui kichwani. Akajaribu nywila: inakubali. Akajaribu mawasiliano: yapo. Akaizima seva na kuiwasha. Ikawaka vizuri kabisa, na bado ikasema kwamba kila zeituni iliyoko Bir Rihana ni ya Hattab.

"Kama ni umeme, nazima kinu chote tukague nyaya," alisema Bwana Tahar, akavuta swichi kubwa. Kinu kikanyamaza. Hata punda wa Ami Hattab aliinua masikio kwa mshangao.

"Huenda nikalazimika kufuta kila kitu na kuweka upya," khalati alisema taratibu. "Mpaka kesho jioni."

"Mpaka kesho jioni hizi zitakuwa siki," alijibu Bwana Tahar. "Najoua, samahani. Mimi narudi kwenye ubao."

Khalati alianza kujipangusa utando wa buibui, polepole, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Emna alitamani ardhi ipasuke. Ikakataa kupasuka, kwa hiyo akasimama.

"Khalati, umeme haukukatika."

Khalati akamgeukia, utando mkononi.

"Nilifungua kidirisha cheusi. Nilitaka kurekebisha kreti za Ami Hattab."

Khalati hakupiga kelele. Alivuta kiti. "Uliandika nini? Niambie neno kwa neno."

"Mwenye kreti awe Hattab."

"Kreti ipi?"

Emna akakumbuka kwamba namba ya kreti hakuiandika.

"Uliiambia ibadilishe," khalati alisema. "Hukuiambia wapi. Mashine haiulizi, mwanangu. Ukimwambia mjinga mtiifu apake mlango rangi, usitaje mlango upi, atapaka milango ya mtaa mzima, kisha aje kudai ahsante."

Bwana Tahar alicheka bila kutaka, akarudisha swichi. Khalati akatoa flashi iliyofungwa pamoja na funguo zake. Ilikuwa na nakala ya akiba ya usiku uliopita. Aliijaribu kwanza pembeni, akahakikisha majina yamo, ndipo akayarudisha mahali pake. Haikupita robo saa, na zeituni za jana zote zikawa zimerudi kwa wenyewe.

"Sasa zimebaki za leo asubuhi," alisema khalati. "Hizo hazimo kwenye nakala, wala mimi sikuwepo mizanini. Wenyewe wako uani. Nenda ukawaulize. Na uwaambie kwa nini unauliza."

Emna akatoka. Akapanda juu ya kreti iliyofunikwa.

"Kompyuta haina kosa," alisema. "Wala umeme. Kosa ni langu, na nilidanganya. Walioleta zeituni leo asubuhi, tafadhali, kila mmoja asimame kwenye kreti zake."

Palikuwa na minong'ono, na mtu mmoja akasema, "Watoto wa siku hizi!" Lakini wakasogea. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameziacha kreti zake mbali. Hajati Mannoubia alisimama kwenye zake, akamkunjia uso Emna, kisha akasema, "Andika, basi. Na safari hii andika ukitutazama." Emna akaandika mmoja mmoja. Kabla ya kila badiliko aliiomba kompyuta imwonyeshe kwanza ni safu zipi zitakazoguswa. Ilipomwonyesha zile tu alizozitaka, ndipo akabonyeza.

Mwenye mkahawa alikuja kuchukua mto wake.

"Niachie walau chai," alisema Ami Hattab.

"Chai umeshainywa."

Kinu kikaunguruma tena. Bwana Tahar akarudisha chaki mfukoni, ingawa hakuitupa.

Jioni zamu ya namba hamsini na saba ikafika. Ujumbe ukaenda. Ami Hattab hakutokea. Ukaenda wa pili. Emna akavuka barabara mbio, akamkuta mkahawani, simu imefunikwa kwa kofia.

"Ami! Zeituni zako zinaingia kinuni!"

"Sidanganyiki tena," alisema mzee. "Leo nimeambiwa hivyo mpaka punda wangu amekariri."

"Safari hii ni kweli, ami. Wallahi."

Mzee akainua mitungi yake. "Nakuja kwa sababu umekuja kwa miguu yako. Simu ningeiacha ilie."

Usiku ulipoingia Emna, khalati na Ami Hattab walikaa nyuma ya kinu, mkate mmoja na sahani moja ya mafuta ya Ami Hattab katikati yao. Yalikuwa machungu kidogo, ya kukwaruza koo, na mazuri sana. Khalati Najoua alimega mkate.

"Umeona, Emna? Kosa lako lilitengenezeka haraka. Uongo wako ndio uliotupotezea mchana mzima, kama ujumbe wa uongo ulivyomfanya Ami Hattab asiamini hata ule wa kweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Mwenye kutengeneza kompyuta ni kama daktari. Ukimwambia kichwa, kumbe kinachouma ni tumbo, atakupa dawa ya kichwa. Kabla ya kubadilisha kitu, tazama unachogusa. Ukiharibu, sema mara moja, sema ulivyofanya."

"Ndiyo, khalati," alisema Emna. "Na nisile mbegu za alizeti kazini?"

"Hizo niletee mimi," alisema Ami Hattab. "Nimepoteza utajiri wote leo. Angalau nibaki na mbegu."