Nilivyomwandika Icy Kwenye Biblia ya Mama

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nikiongopa hata kidogo, meno yangu yadondokee kwenye supu leo hii... na yale ya bandia pia!

Sasa sikilizeni.

Dada yangu wa damu, Mozelle, alimnyima maiti kaburi. Mchana kweupe! Nami nimesimama pale na kikombe cha kahawa mkononi.

Mgeni alikuwa Verna, kaja mbio kutoka Ohio, macho yamevimba. Mama yake, Icy, amelala kwenye jeneza mjini. Mazishi Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano!

"Mama mdogo, aliomba jambo moja tu. Alazwe kilimani, pembeni ya mama aliyemlea."

"Usiniite mama mdogo," Mozelle akasema. "Kilimani wanalala walioandikwa kwenye Biblia. Icy hayumo."

"Lakini alikulia humu ndani!"

"Hata paka wetu alikulia humu ndani."

Jamani!!

Icy hakuwa damu yetu, sikatai. Baba yake alifukiwa na mgodi wa makaa, Mama akamchukua. Nilipozaliwa mimi, Icy ndiye aliyenibeba kiunoni. Alinibeba vizuri mno, nusura niende jeshini nikiwa kiunoni kwake!

Ila huku kwetu milimani Kentucky, sheria ni moja. Katikati ya Biblia ya ukoo, Agano la Kale likiisha, kuna kurasa za majina. Waliozaliwa. Waliooana. Waliokufa. Huna jina, huna kaburi.

"Dada, ulitazama vizuri?" nikauliza.

"Delmer, usinianze."

"Kurasa za zamani hushikana..."

"Njooni kesho, mtazame kwa macho yenu. Halafu mniache nipumue!"

Kesho! Nikabaki na jioni moja tu.

Tangu nistaafu, nashinda maktaba na wale watu wanaosaka mizizi ya koo zao. Nimewasikia mara mia: majina ya kweli huandikwa miaka tofauti, kwa hiyo kila jina lina mwandiko wake na wino wake. Ukiona yote yamefanana kama askari wa gwaride, shtuka!

Nikasema, Delmer, hapo ndipo pa kupita.

Maganda ya matunda ya mti wa jozi yalikuwa yamezagaa uani kwangu. Nikayachemsha mpaka yakatoa wino wa kahawia, mzee kama dunia. Jioni Mozelle akaenda kwaya. Nami nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Kila gari likipita nje, najificha nyuma ya kochi. Miwani nimeisahau nyumbani! Nikaitafuta nafasi tupu kwa kupapasa, nikaandika kwa mkono wa kushoto:

*Icy, binti wa nyumba hii.*

Nikala kona.

Kesho yake tukaketi watatu. Mozelle akafungua. Verna akapiga yowe.

"Yumo! Mama yumo!"

Mozelle akanisukumia Biblia.

"Delmer. Vaa miwani. Soma na ya juu."

Nikavaa.

Mama yangu wee! Ukurasa wa waliozaliwa, majina yote mwandiko mmoja. Wino mmoja, wa bluu, umenyooka kama mahindi shambani. Halafu chini kabisa langu, la kahawia, linachechemea kama kuku mgonjwa!

"Ndiyo... ndiyo dalili ya ukweli hiyo, dada! Wino lazima utofautiane!"

"Biblia ya zamani iliteketea nyumba ilipoungua. Wewe ulikuwa tumboni. Hii ilinunuliwa ulipokwisha kuzaliwa, na Mama akayaandika majina yote upya, siku moja, kalamu moja. Mimi ndiye niliyemshikia kidau cha wino."

Nikaitumbukiza mikono mfukoni.

"Na hebu toa hiyo mikono mfukoni."

Wadau, maji ya jozi hayatoki kwa sabuni. Nilisugua mpaka kwa mchanga! Vidole vilikuwa vyeusi kama vya fundi gereji.

Verna akachukua koti lake. "Twende, mjomba. Nitamzika Ohio."

"Kaa chini!" Mozelle akafoka.

Verna akakaa. Hata mimi nilikaa, na nilikuwa nimeshakaa!

"Kwenye Biblia hii hatujawahi kumkata mtu. Hata Hobart aliyeiba ng'ombe wa mchungaji bado yumo. Ameandikwa, ameandikwa. Mwanangu, mama yako atalala kilimani."

Mwanangu! Verna akamwangukia begani. Nami nikaanza kuchekelea kama mshindi.

"Pembeni ya Mama imebaki nafasi moja," Mozelle akaendelea.

Kicheko kikakatika.

"Dada... hiyo ni yangu!"

"Ilikuwa."

"Sasa mimi mtanilaza wapi?"

"Kule chini kwenye uzio, ng'ombe wa jirani wanapojikuna. Na kaburi la Icy utalichimba wewe. Kwa vidole hivyo hivyo."

Ndugu zangu, nimejifunza hivi: kumwingiza mtu kwenye ukoo si kazi ya wino. Sogea, umpishe mahali pako.

Ijumaa nzima nilichimba. Kilima kile ni mawe yaliyopakwa udongo! Verna akaniletea maharage na mkate wa mahindi, akanisaidia kutoa mawe. Mozelle yeye kaweka kiti ukingoni, kajifunika shali.

"Dada, panatosha sasa?"

"Chimba, Delmer. Kiuno bado nakiona!"