Dakika Kumi na Moja kwenye Mgomba wa Arobaini

Saa kumi jioni, joto la Barabara ya Migomba lilipoteremka chini ya nyuzi kumi, Mvishaji alitoka bandani akaanza kazi. Alikuwa roboti wa kimo cha mtu, mwenye miguu minne ya kukanyagia tope na mikono miwili yenye vidole vya mpira laini. Alisimama mbele ya mgomba wa kwanza, akalibonyeza gogo kwa ncha za vidole ili ajue kama moyo wake ni mzima, akalizungushia nyasi kavu, akalivika joho la kitambaa kizito, akafunga kamba ya katani. Mwisho aliufunika mgomba kofia juu ili umande usiingie ndani. Kisha akaenda kwa wa pili.

Migomba hiyo ilikuwa hamsini na miwili, yenye majani mapana ya rangi ya damu ya mzee, na haikuzaa hata ndizi moja ya kumpa mgonjwa. Ilikuwa ya mapambo. Mji wa Uwandani ulijengwa juu kabisa, kwenye uwanda wa Kitulo, wakati joto lilipowahamisha watu wa mabonde ya chini. Wenye mipango waliwaahidi kwamba huko juu nako watakuta migomba. Hawakusema kwamba huko juu, Juni hadi Agosti, alfajiri huanguka sakitu, ile barafu nyembamba inayoyageuza majani kuwa meusi kabla watu hawajanywa chai. Na kwa kuwa wageni walitaka kuitazama migomba mchana, ilibidi ivuliwe kila asubuhi na kuvikwa tena kila jioni.

Alipoufikia mgomba wa arobaini, Mvishaji alisimama. Aliikunja mikono, akaviingiza viganja kwapani, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo dakika kumi na moja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Vipeperushi vya mji viliiita Dakika za Heshima: mashine ya kwanza duniani iliyorithi mila ya watu wa migomba. Wageni walivua kofia. Wapo waliofuta machozi.

Aliyelitunga jina hilo ni Mhandisi Sekela Mwakatundu, ndiye pia aliyemuunda Mvishaji. Hakumfundisha kwa maandishi. Kwa misimu miwili alimvisha mtunza bustani wa barabara ile, Mama Tupokigwe, bangili-kumbukumbu kwenye viwiko na vifundo vya mikono, na pete zake vidoleni, zikanasa kila alichokifanya. Mashine iliiga yote. Baadaye watunza bustani wote waliachishwa kazi, kwa kuwa hawakuhitajika tena.

Tatizo lilikuwa betri. Ilijazwa kwa jua, na kwenye baridi ile iliishiwa nguvu mapema. Kwa sababu ya kusimama kule, migomba sita ya mwisho ililala uchi, na majani yake yalikuwa yameanza kuungua. Sekela alijaribu kukiondoa kile kituo. Mvishaji akapita mgomba wa arobaini bila kusimama, lakini kuanzia hapo mafundo yake yakawa legelege, na upepo wa usiku ukayavua majoho kumi na matatu. Alijaribu mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Katika ubongo wa mashine, fundo imara lilikuja baada ya kusimama. Bila kusimama, hakukuwa na fundo.

Baraza la Mapambo, lililosimamia barabara ile na wafanyakazi wake, lilikuwa limewaalika wageni wakubwa Jumamosi. Sekela aliona heri aende kumuuliza Mama Tupokigwe mwenyewe.

Mama Tupokigwe aliishi chumba kimoja upande wa mteremko. Alimkaribisha, akamsukumia kigoda kwa mguu. Kikombe chake cha chai alikishika kwa vifundo viwili, kama mtu aliyefungwa viganja. Sekela akaona. Mkono wa kushoto ulikosa ncha za vidole viwili, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi, vimekakamaa.

"Mama, nimekuja kuulizia ile heshima yako," Sekela alisema.

"Heshima gani, mwanangu?"

"Ile ya mgomba wa arobaini. Unavyoinama, unavyoficha viganja. Tunataka kujua kama mila inaruhusu ifupishwe kidogo."

Mama Tupokigwe alimtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Wewe si mtoto wa kule Rungwe, kwenye migomba? Ulimwona nani kwenu anausalimia mgomba?"

"Nilidhani ni mambo ya bibi zetu. Mimi nimekulia mjini."

"Bibi yako angekucheka kuliko mimi. Nilikuwa napasha vidole moto. Nikifika wa arobaini vilikuwa havinisikii tena, nikikaza kamba hata sijui kama nimekaza. Basi naviweka kwapani mpaka vinarudi kidogo, ndipo naendelea."

Sekela akauliza, "Kwa nini hukuvaa glavu?"

"Ukivaa glavu utajuaje gogo limeoza ndani? Ukilivika bovu, wiki haiishi limekuwa uji, na wewe ndiye utaulizwa. Niliomba ndoo ya maji ya moto iwekwe katikati ya safu. Wakasema itaharibu sura ya barabara."

Alieleza mengine kwa sauti ya mtu aliyeyasimulia mahali pengi. Hospitali ya wafanyakazi ilikuwa na tiba ya kuotesha mishipa, na daktari alimwambia vile vitatu vya kulia bado vinaokoleka, ila mwezi huu ukiisha vitakatwa. Lakini hospitali haikumpokea bila barua ya Baraza, na Baraza lilijibu kwamba ni maradhi ya uzee, kwani hakuna kumbukumbu yoyote ya baridi kumdhuru akiwa kazini.

"Hakuna kumbukumbu," Sekela alirudia.

"Ndivyo walivyoandika."

Sekela aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Bangili zilinasa mwendo na muda, lakini zilinasa pia joto la ngozi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitenga faili hilo wakati wa kumfundisha Mvishaji, akisema mashine haina ngozi. Kile alichobakiza, akakiita heshima.

Siku ile ile alilifungua. Msimu wa kwanza, mwanzoni, Mama Tupokigwe alisimama dakika nne, ngozi ikiwa nyuzi kumi na tano. Mwisho wa msimu wa pili alisimama dakika kumi na moja, ngozi ikiwa nyuzi saba. Kati ya hapo namba zilishuka jioni baada ya jioni, na muda ulipanda.

Jumamosi wageni walijipanga kando ya barabara wakiwa na makoti mazito. Mvishaji alifika mgomba wa arobaini, akaficha viganja, akainama. Watu wakainamisha vichwa. Sekela akasogea mbele.

"Samahani, wageni wetu," alisema. "Hii si mila. Nilikosea mimi. Hapa mama mmoja alikuwa akipasha vidole vilivyokufa ganzi kwa kazi ya kuifunika migomba hii. Zimebaki dakika kumi. Nitawasomea joto la mikono yake."

Akasoma, tarehe na namba, tarehe na namba. Mwanzoni wachache walitabasamu kwa adabu. Alipofika nyuzi tisa, kuna aliyeitoa mikono mifukoni akaitazama.

Mwenyekiti wa Baraza, Tweve, mtu mpole asiyependa kelele, alimvuta pembeni. "Mhandisi, haya tungeyamaliza ofisini. Kwanza mwondolee mashine hiyo tabia."

"Simwondolei, mzee. Mpaka Mama Tupokigwe apewe barua ya hospitali."

"Na migomba ya mwisho?"

"Itakufa. Na mimi kila jioni nitakuja kusoma."

Alikuja Jumapili, akaja Jumatatu. Sakitu ikaiua migomba mitatu, kisha yote sita, magogo yakalala kama magunia yaliyolowa. Wageni wakaanza kuuliza ofisini kama yule mama bado yu hai. Jumatano Mwenyekiti alitia sahihi barua ya hospitali. Sekela hakumshukuru.

Kumwondolea Mvishaji kile kituo kulichukua wiki mbili. Sekela alimfundisha fundo upya kwa mikono yake mwenyewe, akilifunga mara mia tano ndani ya chumba chenye joto, hadi mashine ikaelewa kwamba mikono inaweza kuwa na joto siku zote.

Mama Tupokigwe alikuja kutazama, viganja vikiwa ndani ya bandeji nene. Vidole viwili vilipona. Cha tatu kilichelewa tiba, kikakatwa. Alisimama karibu na Sekela, wakimfuata Mvishaji kwa macho. Wa thelathini na nane, akavika. Wa thelathini na tisa. Wa arobaini aliubonyeza, akaufunga, akaufunika kofia, akapita.

"Hapo sasa," Mama Tupokigwe alisema, "anafanya kama walivyotaka nifanye mimi."