Dele la Thabit

Bakhita alijua mambo si mazuri siku alipoligusa dele stoo, wala moto hakuna, likamuunguza. Lilikuwa dele la kahawa, la shaba, halijatiwa mdomo. Mumewe Thabit, mfua shaba wa Unguja, alimkabidhi pamoja na nyundo yake siku aliyomtanguliza melini, mwaka wa sitini na nne. "Nitalimalizia nikija Maskati," alimwambia. Mwaka wa pili huu, yeye haji wala barua haiji, na Bakhita, kaidi kama nini, hataki kusikia habari ya kukaa eda.

Kesho yake adhuhuri, nyumba nzima imelala kwa joto, akasikia nyundo stoo: tatu juu ya shaba, moja juu ya jiwe tupu. Thabit peke yake ndiye aliyepiga vile. Alikimbilia huko, asione mtu. Dele lina moto, na mdomo umeanza kuchomoza. Alilia kwa furaha, maskini. Ikawa ndivyo kila adhuhuri, mpaka harufu ya shaba iliyoungua ikaingia kwenye wali, kwenye nywele, kwenye koo lake, na watoto wa kaka yake Majid wakawa hawapati usingizi ila kwa kukumbatiana.

Majid akamleta Bi Shaikha, anayesomea wenye majini. Bibi alilinusa dele, akalitua upesi.

"Jini huyu, mwanangu," alinong'ona. "Kauchukua mkono wa mumeo. Na jini hachukui mkono wa mtu aliye hai."

"Si kweli! Mimi nnamjua mume wangu!"

"Akimaliza atakuita. Ukiitika, hatoki tena, na atawaanza watoto hawa."

Siku ya saba nyundo ilinyamaza. Bakhita amesimama mlangoni, Bi Shaikha anasoma nyuma yake, watoto wanalia chini kwa chini, na kutoka ndani ikaja sauti aliyoiota miaka miwili, na kile kikohozi chake cha moshi, ikimwita kama Thabit alivyokuwa akimwita kila akimaliza chombo: "Bakhi, njoo upige ya mwisho."

Aliuma kanga. Sauti ikabembeleza, ikalia, ikakatika.

Aliingia. Dele limekamilika, limepoa.

"Kaka Majid," alisema, "nitafutie nguo nyeupe za eda."