Zege la Ijumaa

Duncan Anyona alielea kifudifudi ndani ya tangi alilolichora mwenyewe, na macho yake yaliyo wazi yalitazama chini.

Inspekta Celestine Nyasani wa upelelezi wa Nyamira alilizunguka lile sanduku la kioo mara mbili. Tangi lilikuwa refu mita nne, limekalia fremu ya chuma, nalo limejaa pomoni. Samaki hakuwemo hata mmoja. Matumbawe, taa za buluu na mawe ya baharini vilikuwa bado kwenye karatasi. Ndani kulikuwa na maji ya kisima na maiti, basi.

"Nani alimwona kwanza?"

"Mimi, Madam." Drusilla Ogari, mwenye hoteli, alikuwa anakifunga upya kitambaa cha kichwa kilicholegea. "Saa moja asubuhi. Nilipanda kufungua madirisha."

"Jana tangi lilikuwa na maji?"

"Lilikuwa kavu kabisa."

Kitu kililia chini ya miguu yao. Tk.

"Hiyo ni pampu," Drusilla akasema haraka.

Konstebo Ochoki alikuwa ameshazima pampu zamani.

Daktari wa polisi alifika kutoka Kisii na hakuchukua muda. Mapafu yangepimwa baadaye, alisema, lakini hapakuwa na povu mdomoni wala puani, na kisogo kilikuwa kimepasuka kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula.

"Kwa hiyo hakuzama?"

"Aliingizwa majini akiwa ameshakufa. Kilichompiga ni kitu kirefu, chembamba, cha bati gumu au alumini. Jana jioni, nakisia saa kumi na mbili hivi."

Mtu amemuua mwenzake, kisha akafungua maji na kwenda zake nyumbani kula ugali. Celestine alizikagua maiti nyingi katika kazi yake, ila hili la maji lilimtia baridi. Kama ni kuficha damu, ndoo mbili zingetosha.

Alimhoji Drusilla kwenye ngazi.

"Mligombana na marehemu?"

"Tuligombana, sikatai. Nimepika kwenye hoteli za Malindi miaka kumi na tisa. Nikaja nyumbani Kebirigo na ndoto moja: mtu wa hapa anywe chai huku anaona bahari. Duncan, msanifu wangu, akapanga kila kitu. Juzi akabadilika ghafla. Akataka tangi lishuke chini, karibu na choo! Nani anakunywa chai karibu na choo?"

"Alikupa sababu?"

"Alisema sakafu. Nikamwambia sakafu hii ndiyo ile iliyoshuhudiwa makanisani. Akakunja michoro yake akaondoka."

"Imeshuhudiwa vipi?"

Drusilla alishangaa kwamba kuna mtu asiyejua. Mkandarasi wake, Mzee Job Bosire, ni Msabato na mzee wa kanisa. Mwaka juzi alikuwa anamwaga slabu, sakafu ya zege ya ghorofa hii, siku ya Ijumaa, jua likazama kazi ikiwa nusu. Akaweka chini vyombo. Wafanyakazi walimsihi, naye akakataa kuivunja Sabato. Jumapili alfajiri akamalizia nusu iliyobaki, na nyumba ikasimama. Tangu hapo Mzee Job alialikwa kila mahali, Nyamache, Marani, hadi ng'ambo ya Kisii, kuueleza ushuhuda wake.

"Funguo za nyumba ziko na nani?"

"Mimi, Duncan, na Mzee Job."

Ochoki alikuja akikimbia na daftari la marehemu, alilolipata ndani ya buti la gari lake. Celestine alipekua. Vipimo vya tangi. Uzito: maji, kioo, mawe na fremu, tani kumi. Kisha ramani ya slabu, na mstari mwekundu umekatiza katikati, chini kabisa ya miguu ya mbele ya tangi. Upande mmoja Duncan aliandika "zege la Ijumaa", upande wa pili "zege la Jumapili". Chini yake: "Vipande havikushikana. Lisijazwe kamwe. Nimwambie Mzee Job kwanza, ni heshima."

Tk, sakafu ikalia.

Celestine alifunga daftari. Wote walikuwa wamesimama juu ya huo mstari tangu asubuhi, wakitembeatembea kama watu kwenye harusi. Aliogopa, naye hakuona haya kuogopa.

"Ochoki, fungulia maji yatoke. Polepole, upande wa dirishani. Halafu toa kila mtu kwenye ukumbi wa chakula huko chini. Waambie tunapekua. Usitaje sakafu, usitaje mstari."

"Afande, yatachukua saa nyingi kuisha."

"Basi anza sasa hivi!"

Mzee Job aliletwa saa nne. Celestine alimkalisha kwenye benchi barazani, mlango wa ukumbi ukiwa wazi mbele yao. Ndani, meza zilikuwa tupu na vumbi jeupe la plasta lilikuwa limeanza kutua juu ya vikombe.

"Bwakire, Mzee," Celestine alimwamkia kwa Kigusii.

"Bwakire buya." Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, shati limepigwa pasi.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Duncan alikwambia lolote kuhusu slabu yako?"

"Hakuna. Angesema nini? Slabu ni nzima."

"Hata ikibeba tani kumi?"

"Inashikiliwa na Mungu, binti yangu."

Aliyasema hayo akitazama dari. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na asubuhi ya Kebirigo ina baridi. Celestine alingoja. Aliyemuua Duncan alijua vizuri kilichomo darini, lakini kujua peke yake si ushahidi wa kupeleka kortini.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa. Ochoki alikuwa amewatoa wageni akawasahau wapishi. Abigael, binti wa Mzee Job, mpishi wa hoteli aliyeshika zamu ya mwenzake siku hiyo, alitokea na birika la chai na vikombe viwili, akakatiza ukumbi moja kwa moja kuja kwao. Hakuna mgeni anayehojiwa Kebirigo bila chai, hata awe mtuhumiwa.

Celestine aliinua mkono kumzuia.

"Abigael!" Mzee Job alikuwa ameshasimama. "Rudi! Rudi nyuma, usivuke hapo!"

Msichana alishtuka, akasimama palepale. Kipande cha plasta kilidondoka kikapasukia karibu na kiatu chake.

"Tata, kuna nini?"

"Uko chini yake! Uko chini ya kiungo! Nyasae one, Mungu wangu, toka!"

Yeye ndiye aliyekimbilia ndani. Mtu mnene kama yule, alimnyakua bintiye kiunoni na kumburuta hadi barazani, birika likabaki linamwaga chai sakafuni. Celestine aliwavuta wote wawili hadi barabarani.

"Sijamwambia mtu yeyote kwamba kiungo hakikushika, Mzee," alisema alipopata pumzi. "Aliyejua ni Duncan, na yule aliyeambiwa na Duncan."

Job aliketi chini kwenye nyasi. Hakubisha tena.

"Nilimpiga na pima maji," alisema. "Ile ndefu ya alumini, ya kusawazishia sakafu. Iko chini ya kitanda changu."

"Na maji?"

"Niliyafungua mimi. Nilisema, kama Mungu alikuwa na mimi siku ile, sakafu itashika. Nikajilaza nikingoja habari. Sikulala."

"Binti yako anafanya kazi chini yake!"

"Zamu yake ilikuwa kesho." Aliziba uso. "Ilikuwa kesho, nakuapia."

"Duncan angeandika ripoti, na aibu ingekupata. Ndiyo sababu?"

"Hapana. Slabu ikiharibika inavunjwa, inamwagwa tena. Hata mbele ya kanisa ningesema, wangenisamehe." Aling'oa jani la nyasi. "Duncan aliniuliza swali moja. Kwa nini nilianza saa tisa alasiri. Fundi wa miaka thelathini anajua slabu kama ile inataka siku nzima. Kwa nini sikungoja Jumapili."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimpiga."

"Nijibu mimi."

Mzee Job alitazama maduka yaliyo ng'ambo ya barabara, ambako watu walishaanza kukusanyika.

"Ilikuwa siku ya soko, Inspekta. Kebirigo yote ilikuwa hapa nje. Nilijua jua litanikuta katikati. Nilitaka wanione nikiacha."

Abigael alikuwa amesimama nyuma yao na mikono imelowa chai.

"Tata," alisema, "na mimi nilikuwa naimba kila kanisa kabla hujasimama kushuhudia."