Mkono Usiotetemeka

Siku ile karakanani walikuwepo mwanamke msanifu wa vifaa vya upasuaji, mdogo wake wa kiume ambaye watu wote humwita Chuma, daktari wa masikio, shangazi yao aliyekuwa amewaletea chakula cha mchana, na Kidoti, binti wa msanifu, aliyekaa chini ya meza akichora kuku. Juu ya meza ulikuwepo pia mkono wa plasta, vidole vimekunjwa kidogo kama vya mtu anayeshika kalamu. Huo hakuna aliyeuhesabu.

Mambo yalianza kwenda kombo kwenye yai.

Daktari alikuwa akijaribu kibano kipya, kifaa chembamba chenye ncha ndogo kuliko punje ya mchanga. Kilitengenezwa kipite kwenye tundu la sikio mpaka kwenye vile vifupa vya ndani vya kusikilizia, bila kupasua nje wala kuacha kovu. Kila kifaa kipya walikijaribu kwanza kwenye yai bichi: unabandua ganda kidogo kidogo, na ile ngozi laini ya ndani isichanike. Daktari alikuwa mtu wa kuliambia hata yai "pole" kabla ya kuligusa.

"Limeitikia?" Chuma alimtania, kama kawaida yake.

"Likiitikia nitakuita uwe mkalimani. Nyinyi wenye vichwa vigumu mnaelewana."

Mara hii ganda lilitoka lote, ngozi ikabaki nzima. Wakapiga makofi. Shangazi akalichukua, akalipima kiganjani.

"Mbona jepesi hivi, wanangu?"

Daktari akaichana ile ngozi. Ndani hamkuwa na kiini, hamkuwa na ute, hamkuwa hata na unyevu. Hewa iliyotoka humo ilinuka kama kucha iliyoungua.

"Lilikuwa bovu," msanifu alisema, haraka mno.

Alitaka sana liwe bovu. Sikio moja la Kidoti lilishakufa, na la pili lilikuwa likififia. Mtoto alikuwa amezoea kuweka kiganja chake kwenye koo la mama yake ili ayapate maneno. Daktari alishasema kwamba wakichelewa, hilo la pili nalo litakwenda. Kibano kile ndicho kilichokuwa kikisubiriwa. Wiki inayofuata kilikuwa kiingie kwenye sikio la Kidoti.

Shida yao tangu mwanzo ilikuwa mpini. Mkono wa binadamu hautulii. Uulaze mezani, uuache upumzike, halafu uutazame kwa hadubini: utauona unacheza, kwa sababu moyo unausukuma kila unapopiga. Ndiyo maana pale karakanani mpini haukutengenezwa kwa mkono wa mtu mmoja. Walichukua umbo la mikono mingi, ya madaktari, ya washonaji, ya mafundi saa, wakaichanganya yote, kisha wakachonga mpini unaomfaa kila mtu na kuumeza mtetemo wake.

Halafu, kabla ya siku hii ya mayai, akaja bwana mmoja. Alisimama mlangoni saa za mchana, kanzu safi, viatu havina vumbi ingawa barabara nzima ilikuwa vumbi tupu. Alisema amesikia wanatafuta mikono. Alipouweka wa kwake chini ya hadubini, ulitulia kama picha.

"Huyu bwana hana damu nini?" Chuma alinong'ona.

Bwana yule alicheka bila kufungua mdomo. Msanifu hakucheka. Alikuwa akitazama ule mkono na kumwona mtoto wake anasikia. Siku hiyo hiyo akachukua umbo lake kwa plasta, na akachonga mpini wa kibano hiki kipya kwa mkono huo mmoja tu, akaiacha ile mingine kabatini.

Sasa daktari alichukua yai la pili. "Pole," akaliambia. Mkono wake wa kushoto ulilishika yai, wa kulia ulishika kibano, na jicho lake likawa kwenye hadubini. Ganda likaanza kutoka. Kisha kibano kikapita katikati ya yai, kikatoboa kiganja chake cha kushoto na kutokea upande wa pili.

Aliutazama mkono wake wa kulia kama anayetazama wa mtu mwingine. Kibano kikachomoka, kikachoma tena, kikachomoka, kikachoma.

"Nishikeni," alisema kwa sauti ndogo. "Nishikeni jamani, si mimi."

Chuma alimrukia na kumkumbatia kwa nyuma, na daktari yule mpole, ambaye alikuwa akiwatoa nzi nje kwa karatasi badala ya kuwapiga, alijipinda ndani ya mikono ya Chuma kwa nguvu ambazo mwili wake haukuwa nazo, akamkandamiza ukutani kwa bega, na huku akilia na kusema nisamehe, nisamehe mdogo wangu, akakizamisha kibano ndani ya sikio la kijana mpaka ikasikika sauti ndogo, kavu, kama kijiti kinachovunjwa. Damu ikamwagika shingoni kwa Chuma. Ile harufu ya kucha ikajaa chumba kizima.

Msanifu alinyakua nyundo. Alipiga kifundo cha mkono wa daktari mara ya kwanza, vidole havikufunguka. Alipiga mara ya pili, mfupa ukalia, na mkono ukaning'inia kama kitambaa kilicholowa, lakini vidole bado vilikuwa vimekaza. Ya tatu ndiyo iliyokiangusha kibano, kikabingirika chini ya meza.

Chini ya meza alikuwepo Kidoti.

Hakuwa amesikia lolote. Aliona kitu kinang'aa, akaacha kalamu, akanyoosha mkono. Mama yake alijitupa sakafuni na kukiwahi yeye.

Alipokishika tu, mtetemo wa mikono yake ukaisha. Hilo ndilo lililomtisha kuliko damu yote: moyo ulikuwa ukimgonga kifuani kama mlango unaobomolewa, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetulia kama picha. Mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya upole, sauti ya mgeni anayekaribishwa.

"Usiogope, mama. Nitaingia taratibu."

Shangazi aliweka chini bakuli alilokuwa amelishika muda wote. Alikuwa mkunga, na watu walimwendea pia kwa mambo ambayo hospitali haina dawa yake. "Unataka nini kwa wanangu?" aliuliza.

"Miaka mingi nabisha milangoni kwa watu. Nikiingia kwa nguvu wananiona, wanaita watu kama wewe, wananitoa. Hawa wanajua kuingia mwilini kwa tundu dogo, bila kuacha kovu. Nimewapa mkono wangu. Wanipe sikio. Ndani ya mtoto, nani atanitafuta?"

Kidoti alikuwa ametoka chini ya meza. Alimwona mama yake anasema, na kwa kuwa hakupata maneno, akafanya kama siku zote: alisogea karibu, akaweka kiganja kwenye koo lake ili asikie. Mkono wa kulia ukainuka, polepole, kwa ustadi, ukilitafuta sikio la mtoto, tundu la sikio, na msanifu, ambaye hakubakiwa na kilicho chake isipokuwa mkono wa kushoto na miguu, alirudi kinyumenyume akimwacha mwanawe amesimama na kiganja hewani, akajigonga kwenye meza ya vyuma, akalala kwa ubavu juu ya jiriwa, lile bano kubwa la kubania vyuma, akausukuma mkono wake wa kulia katikati ya meno ya jiriwa, na kwa mkono wa kushoto akaanza kukaza parafujo, akakaza mpaka ngozi ikapasuka, akakaza mpaka mifupa ikasema, na alipotaka kuacha alimtazama Kidoti akakaza tena.

Mkono ulibanwa. Vidole viliendelea kucheza na kibano, vikiashiria, kama vinamwita mtoto aje mwenyewe.

"Kata," msanifu alisema, kwa sauti yake. "Chuma, mdogo wangu, kata mkono."

Chuma alikuwa na msumeno tayari. Shangazi akamzuia. Alikuwa ameinamia ule mkono uliopondeka, akiutazama kwa karibu.

"Ngojeni. Hautetemeki," alisema. "Hata kwa maumivu haya hautetemeki. Hajui kutetemeka, huyu. Ushikeni mpini. Wote. Na msijikaze, tetemekeni!"

Wa kwanza alikuwa yeye. Akafuata Chuma, aliyekuwa akitetemeka kwa damu iliyomtoka, akafuata daktari kwa kiganja chake kilichotobolewa, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa umevunjika, na mpini ukawaunguza, ukawachuna, ukaizungusha ncha yake na kuwachoma kila ilipofika, kwenye vidole, kwenye kucha, kwenye kifundo cha shangazi, lakini hakuna aliyeachia, na mitetemo yao ikaingiana, ya uzee na ya hofu na ya maumivu, mpaka mpini ukaanza kutikisika kidogo, kidogo tu, ukikosa kitu cha mwisho. Kabla mama yake hajaweza kusema hapana, Kidoti alipenyeza mkono wake mdogo katikati ya mikono yote ile. Mtoto alikuwa akitetemeka mwili mzima.

Mpini ulipasuka. Mezani, mkono wa plasta ukapasuka nao, na ndani yake mlikuwa na kiini cha yai na ute, vikatiririka mpaka sakafuni. Sauti ya mtu anayevuta pumzi kwa nguvu ikapita chumbani na kutoka. Harufu ikaisha.

Daktari alikaa chini akalia. Chuma alivua shati lake, akalichana, akamfunga daktari vidonda kwanza.

"Sikio lako, ndugu yangu," daktari alisema. "Nimekuulia sikio."

"Njoo upande huu, daktari. La huku bado linapokea wageni."

Shangazi alifungua jiriwa taratibu, akimpulizia msanifu mkono kama anayempulizia mtoto uji.

Kidoti alifanyiwa upasuaji baadaye, kwa kibano cha mikono mingi, na daktari mwingine. Anasikia kwa sikio moja. Mama yake siku hizi huchora kwa mkono wa kushoto. Kila Kidoti anaporudi kutoka shule, mama humwekea mkono chini ya hadubini na kuutazama mpaka auone unacheza, ndipo ampakulie chakula.