Mita Thelathini Kutoka kwa Mtu Asiyehusika

"Ukiwa unarusha droni, mtu asiyehusika na kazi yako akae umbali gani?"

"Mita... ishirini?"

"Thelathini, Lyle! Mita thelathini. Nimekuuliza jana, nimekuuliza juzi. Unaweka wapi haya mambo?"

Lyle alitafuna tosti yake bila haraka. Mezani kulikuwa na rundo la kadi za maswali alizokata Nerida kwa mkasi wa jikoni na kuziandika yeye mwenyewe, mbele swali, nyuma jibu. Mtihani wa leseni ya urubani wa droni ulikuwa Ijumaa. Lyle akifaulu, ataacha zamu za kiwanda cha sukari, atapulizia dawa mashamba ya watu kwa droni, na hatimaye atakuwa anaonekana nyumbani. Hayo yalikuwa makubaliano yao, na Nerida alikuwa ameyashika kwa mikono miwili.

"Kwa nini mimi nayajua yote na wewe ndiye mwenye mtihani?"

"Kwa sababu wewe una kichwa, mke wangu. Mimi nina sura."

Nerida alicheka, hakutaka lakini alicheka. Akachukua kadi nyingine.

"Rimoti ikikata mawasiliano, droni inafanya nini?"

"Hilo nalijua. Inapanda juu, inarudi nyumbani yenyewe."

"Nyumbani ni wapi?"

"Pale ilipoinukia."

"Na ukiirusha kwa papara, kabla haijashika setilaiti ikajua ilipo?"

"Nerida, chai yangu inapoa."

"Jibu."

"Sijui."

"Inabaki na nyumbani kwa zamani. Inarudi kule iliporushwa mara iliyopita. Andika hilo kwenye paji la uso."

Lyle akainuka, akambusu utosini, akatoka kwenda bandani kuchukua droni. Simu yake akaiacha kando ya siagi. Haikukaa muda, ikatetemeka.

Nerida hakuwa mwanamke wa kupekua simu. Lakini ujumbe ulijitandaza wenyewe kwenye kioo:

"Mbona hukuja tena jana? Nimekusubiri uwanjani mpaka jua likazama. Tegan."

Akausoma mara mbili. Jana ilikuwa Jumamosi. Kwa alivyojua Nerida, Jumamosi haikuwa na somo. Jana Lyle alisema yuko kiwandani, msimu wa kusaga miwa umepamba moto, watu hawatoshi.

Sasa huyu Tegan alimsubiri kufanya nini mpaka jua likazama?

Tegan Vella alikuwa mwalimu wa droni. Msichana mrefu, kaptura fupi, buti za kazi, na kicheko kile cha mtu ambaye hajawahi kuosha soksi za mwanaume. Bonde zima la Pioneer lilimpenda. Nerida alikuwa amemvumilia kwa ajili ya leseni. Sasa uvumilivu ukamkauka mdomoni.

Akampigia rafiki yake Raelene. Walicheza netiboli pamoja tangu shule ya Mirani, na Raelene ndiye aliyemshikia maua siku ya harusi.

"Rae, nimeona ujumbe."

"Wa yule msichana?"

"Umejuaje?"

"Shoga, nimekwambia mara ngapi? Yule mtoto si mwalimu, yule ni moto kwenye majani makavu. Mume wangu Garth angekuwa na mwalimu wa aina ile, ningekuwa nimeshakata matairi."

"Garth wako hana shida, anashinda chini ya ardhi Moranbah huko mgodini."

"Ndiyo maana ndoa yangu inadumu." Raelene akacheka. "Lyle yuko wapi sasa?"

"Nje. Anataka kurusha hapa nyumbani."

"Hapo kwenu? Mbona leo si..." Raelene akakohoa. "Namaanisha, si huwa anakwenda kwa huyo Tegan?"

"Leo haendi popote."

"Mbane, shoga. Usimwachie pumzi."

Nerida akatoka na simu ya mumewe mkononi. Lyle alikuwa amesimama kwenye nyasi kati ya nyumba na mfereji wa kumwagilia miwa, rimoti kifuani. Droni ilikuwa chini, juu ya udongo mtupu.

"Turubai lako liko wapi?" Nerida aliuliza. Alikuwa amemshonea turubai la rangi ya chungwa la droni kutua juu yake, la mviringo, lenye herufi za jina lake katikati. Zawadi ya siku yake ya kuzaliwa.

"Nilikwambia, upepo ulilichukua."

Kisha Lyle akaiona simu yake kwenye mkono wa mkewe. Uso ukambadilika. Akainamia rimoti kama mtu aliyekumbuka kazi ya haraka, mapanga ya droni yakaanza kuzunguka.

"Subiri setilaiti," Nerida alisema. "Taa bado nyekundu."

"Acha kunifundisha!"

Droni ikapaa, ikaning'inia juu ya bati la banda, ikinguruma kama nyigu.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kiwandani. Nimekwambia."

"Tegan amekusubiri mpaka jua likazama."

"Ah. Huyo... ananisumbua tu."

"Anakusumbua kwa lipi? Una kitu gani cha kusumbuliwa wewe, na hilo tumbo?"

"Nerida, sina lolote na Tegan. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Mama yako yuko Bowen anacheza bingo!"

"Basi naapa kwa mama yangu mzima! Unaona vitu ambavyo havipo. Wivu utakuua."

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Nerida alimfikia kwa hatua chache, akaipokonya rimoti, akaitupa mferejini. Ikazama bila kelele.

Wote wawili wakatazama juu.

Droni ilitulia kidogo, kama inafikiri. Kisha ikapanda, juu zaidi ya paa, juu zaidi ya mikaratusi. Ingekuwa na akili ya nyumba ile, ingeshuka palepale kwenye nyasi. Haikushuka. Iligeuza pua kuelekea upande wa juu wa bonde, ikaanza safari.

"Haijashika setilaiti," Nerida alisema taratibu. "Inarudi nyumbani kwa zamani."

Lyle alikuwa mweupe kama sukari. "Iache. Itaanguka mahali. Nitaitafuta kesho."

"Inaelekea barabara ya kwa Tegan."

"Nerida, iache!"

Lakini Nerida alikuwa tayari kwenye pikapu, injini inaunguruma. Lyle akakimbia, akaruka kiti cha pembeni huku mlango ukipigapiga. Wakatoka mbio katikati ya kuta mbili za miwa, Nerida akiendesha kwa jicho moja barabarani na jingine angani.

Penye reli, taa zikawaka nyekundu. Treni ya miwa. Nerida akakanyaga breki na kulaani. Mabehewa yakaanza kupita mbele yao, madogo, yaliyosheheni, kila moja likigonga kiungo cha reli, na msururu haukuonyesha mwisho. Juu yao droni ilivuka bila kusubiri mtu.

Lyle akashusha pumzi. Akaweka mkono kwenye goti la mkewe.

"Sawa. Umeshinda. Ni Tegan."

"Nini?"

"Ni Tegan. Nimekubali. Lilikuwa kosa, limekwisha. Geuza gari, twende nyumbani tuongee kama watu wazima."

Nerida alimtazama. Alikuwa amelisubiri ungamo hili kwa miezi. Alitegemea likija litamchoma. Badala yake lilimnukia vibaya, kama maziwa ya juzi.

"Sasa hivi tu uliapa kwa mama yako."

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi? Lyle, umeishi na mimi miaka yote hii, hujawahi kukubali hata kwamba umemaliza bia ya mwisho kwenye friji. Leo unakubali mwanamke mzima, barabarani, bila kubanwa?"

Behewa la mwisho likapita. Nerida akaondoa mguu kwenye breki.

"Geuza gari, nakuomba!"

Hakugeuza.

Tegan alikuwa uani kwake, akiosha droni kubwa ya kupulizia dawa kwa mpira wa maji. Aliposikia mngurumo alitazama juu, na droni ya Lyle ikapita juu ya paa lake, haikupunguza mwendo, ikaendelea.

Nerida akasimamisha gari getini. "Mume wangu anasema yuko na wewe."

Tegan akazima maji. Akamtazama Lyle, akamtazama Nerida, akarudi kwa Lyle.

"Na mimi? Dada Nerida, huyu sijamwona mwezi mzima! Nimempangia masomo ya fidia kila Jumamosi, hatokei. Jana nimemsubiri mpaka jua limezama. Mtihani Ijumaa hii, na hata sheria moja haijui. Niko naye wapi mimi? Mimi na huyu?"

Alivyosema "huyu", hata Nerida alimwonea mumewe huruma kidogo.

"Sasa inakwenda wapi?"

"Iliporushwa mara ya mwisho." Tegan akaweka kiganja juu ya macho, akaifuata droni. "Huko mbele barabara inakwisha. Kuna nyumba moja tu."

Nerida aliijua nyumba hiyo. Alikuwa akikatwa nywele kwenye baraza yake kila mwezi. Lyle akainamisha kichwa mpaka kwenye dashibodi.

Nerida akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

"Shoga!" Raelene alijibu kwa furaha. "Umembana? Amesemaje?"

"Amekiri. Ni Tegan."

Ikasikika pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Nilijua. Pole, mpenzi wangu. Njoo kwangu ulie, nitachemsha maji."

"Nakuja. Uko wapi?"

"Uani, naanua nguo."

"Rae, tazama juu."

Simu ikakatika.

Walipofika, droni ilikuwa inashuka. Ilipita kando ya kamba za kuanikia, shuka zikapepea, ikashuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi za kwake, ikatua. Ikazima.

Ilitua juu ya turubai la rangi ya chungwa, katikati kabisa, juu ya herufi za jina la Lyle.

Raelene alikuwa amesimama na kapu la nguo tumboni. Mbwa wake, yule wa kuchunga ng'ombe anayejulikana bonde zima kwa kung'ata kila msoma mita za umeme, aliruka kutoka barazani akibweka, akampita Nerida, akafika kwa Lyle, akajilaza chini na kumgeuzia tumbo akunwe.

Nerida aliliangalia turubai. Mpaka leo ukimuuliza, hatakwambia kwamba kilichomuuma zaidi ni kitanda. Atakwambia ni hilo turubai. Alilishona kwa cherehani ya bibi yake, sindano ikamchoma kidole, na yeye akacheka, kwa sababu lilikuwa la mumewe.

"Alikuja kufanya mazoezi tu," Raelene alianza. "Uwanja wangu ni mpana, shoga, na..."

"Usiniite shoga."

"Nerida, nisikilize..."

"Kama ni mazoezi, kwa nini kila siku uliniambia yuko kwa Tegan?"

Raelene akainamia kapu la nguo.

"Nilimwonea wivu mtoto wa watu asiye na hatia," Nerida alisema. "Nililala na wivu huo, nikaamka nao. Na wewe ndiye ulikuwa unaupikia, unaupakua, unaniletea kwenye sahani."

"Ni upweke, Nerida. Garth hayupo nusu ya mwezi..."

"Ungenipigia mimi. Si ndiyo kazi ya rafiki?"

Lyle akasogea. "Mke wangu, twende nyumbani."

"Wewe umeshafika."

Akainama, akachukua droni. Turubai akaliacha pale pale. Akapanda pikapu na kuondoka, na hakutazama kioo cha nyuma hata mara moja.

Alisimama kwa Tegan.

"Nimekuja kuomba radhi. Nimekusema vibaya kwa watu."

"Nimesikia. Uliniita moto kwenye majani makavu."

"Hilo halikuwa langu. Lakini nililirudia."

Tegan akacheka. Safari hii kicheko chake hakikumkera mtu. Akaitazama droni mikononi mwa Nerida. "Kadi zile za maswali, Lyle alinionyesha siku ya kwanza. Aliziandika nani?"

"Mimi."

"Dada, unajua mtihani unaofuata baada ya huu wa Ijumaa ni lini?"

Ijumaa ile Lyle hakutokea. Mtihani uliofuata Nerida aliufanya akiwa amevaa shati la netiboli, akamaliza kabla ya wote, akafaulu kwa alama ambazo Tegan alizibandika ukutani. Garth alirudi kutoka mgodini akasikia habari dukani kabla hajafika kwake, na Raelene akahamia kwa dada yake Townsville. Lyle akabaki kwenye karavani ya kupanga, kijumba cha magurudumu karibu na mto, akijipikia soseji.

Asubuhi moja ya kiangazi Nerida alikuwa kazini pembezoni mwa shamba la mzee mmoja wa Mirani, koti la kung'aa mwilini, droni kubwa ya dawa mbele yake. Tegan alikuwa upande wa pili wa shamba, mwangalizi wake wa siku hiyo. Lyle akatokea barabarani kwa miguu, amenyoa, mkononi ana boksi la keki za chokoleti na nazi, zile anazozipenda mkewe.

"Nerida."

Alikuwa anatazama taa ya setilaiti. Bado nyekundu.

"Nimekosa. Kila siku najiambia nimekosa. Nataka kurudi nyumbani."

Bado nyekundu. Nerida akasubiri. Hakuwa na papara tena.

"Sema chochote, basi. Nitukane."

Taa ikawa kijani. Nerida akainua uso, akamtazama kwa mara ya kwanza, akapima kwa macho nafasi iliyokuwa kati yao.

"Rudi nyuma."

"Nini?"

"Umekaribia mno. Mita thelathini."

"Nerida, mimi ni mumeo!"

"Mtu asiyehusika na kazi, mita thelathini. Nilikufundisha hilo mezani kwangu, ukasema chai inapoa. Rudi nyuma, Lyle. Mpaka kwenye ule mti. Endelea. Endelea."

Lyle alirudi nyuma, hatua kwa hatua, boksi la keki kifuani, mpaka mgongo ukagusa mti.

"Hapo hapo," Nerida alisema, na akairusha.