Funda la Pili

Marashi yalifika mezani kabla ya mwenyewe.

Pua alikuwa ameinamia glasi ya bia nyeusi, macho ameyafumba. Ghala lile la zamani la nafaka lilikuwa limejaa watu siku hiyo. Viwanda vidogo vya bia vya jiji zima vilikuwa vimeleta mapipa yao, na kila meza ilikuwa na foleni yake, makelele yake na sakafu yake inayonata. Yeye alijitengea pembe karibu na dirisha, apate mwanga wa kuangalia rangi na hewa ya kunusia. Aliandika safu ya kila Jumamosi gazetini kuhusu bia za mafundi wadogo ambao hakuna aliyewajua, na mafundi hao ndio waliompachika jina la Pua. Hakulikataa. Pua ndiyo iliyokuwa inamlisha.

Sasa pua hiyo ilikuwa imejaa spiriti, poda na mnanaa.

Alifumbua macho. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati la samawati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe, ndevu zimechongwa kama kwa rula, na kwenye mkono wa shati kuna vipande vidogo vya nywele visivyokuwa vyake.

"Kaka yangu, samahani," alisema Pua kwa upole. "Naomba usogee kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Mpaka pale kwenye nguzo."

Mwanamume aliitazama nguzo. Ilikuwa mbali. "Nimekukosea nini, dada?"

"Hujanikosea. Unanukia vizuri. Ila mimi nipo hapa kunusa bia, na tangu umefika nakunusa wewe."

Meza ya jirani ikaangua kicheko. Mwanamume alicheka nao, akainama kidogo kama anayeaga ukweni, akaenda zake. Pua alidhani yameishia hapo. Alikula kipande cha mkate mkavu, akanywa maji, akaanza upya.

Baadaye kivuli kikaangukia glasi yake. Alikuwa yule yule, lakini shati limelowa hadi kifuani, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, na matone yanamdondoka kidevuni.

"Na sasa?" aliuliza.

Pua alinusa. "Sasa unanukia sabuni ya choo cha ukumbi."

"Ndiyo iliyokuwepo."

Pua alicheka mpaka akalazimika kuweka glasi chini. Mwanamume akajieleza: yeye ni kinyozi, ametoka kazini moja kwa moja, na shemeji yake aliyemleta amekwisha kupotelea kwenye foleni. Bia haijui. Akaomba aonyeshwe tu huyo dada anafanya nini.

Pua alimwonyesha. Kwanza rangi, ukiielekeza glasi dirishani. Halafu povu, kama linadumu au linakimbia. Halafu harufu, kwa pumzi fupi fupi, si ndefu, kwa sababu pua huchoka upesi. Mwisho funda moja, ulizungushe hadi nyuma ya ulimi, umeze, usubiri.

Kinyozi alifanya yote hayo kwa makini, kama mtu anayepitisha wembe kooni. Kisha akasema, "Inanukia ule ukingo wa mkate ulioungua kidogo. Ule ambao watoto wa nyumba moja huugombania."

Pua alikuwa ameihangaikia bia hiyo tangu asubuhi na neno lilikuwa bado halijamjia. Aliliomba neno hilo, akalitumia Jumamosi, na akaandika kwamba amepewa na rafiki.

Basi wakawa marafiki, na urafiki ukageuka mapenzi. Kinyozi alipiga simu katikati ya kazi, na Pua alisikia mashine ya kunyolea ikinguruma karibu na maneno ya mapenzi. Alimwuliza kama hana mteja kitini.

"Ninaye. Hasikii, nimemkunja sikio nipitishe mashine."

"Mwachie mtu sikio lake."

"Niambie kwanza kama umenikumbuka, laazizi."

Alikuwa amemkumbuka. Jioni za mapumziko walitembea mitaa ya maduka, yeye amevaa gauni lake la rangi ya kahawia na mtandio mweupe shingoni, kinyozi akimkosoa kila mwanamume aliyepita kwa jinsi alivyonyolewa. Wakiagana alimkumbatia, na marashi yale ya spiriti na mnanaa yakabaki kwenye mtandio. Pua hakuufua. Aliuweka peke yake kwenye droo, mbali na nguo za kazi, na usiku akiona nyumba imekuwa kimya huufungua kidogo. Hilo hakumwambia.

Kinyozi naye alikuwa na ombi lake lisiloisha: na yeye aandikwe.

"Rangi si unaiona?"

"Rangi naiona. Povu pia unalo jingi."

"Sasa kinachokuzuia?"

"Nangoja funda la pili."

Hiyo ilikuwa sheria yake. Bia ikiwa baridi huficha mambo, mazuri na mabaya. Kwa hiyo Pua hakuandika neno lolote kwa funda la kwanza. Aliishika glasi kiganjani hadi ipate joto kidogo, ndipo akaonja tena na kuhukumu. Bia nyingi zilizoonekana butu ziliokolewa na joto la mkono wake.

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kuonja, na siku hiyo hakupaka mafuta wala hakukaribisha mtu. Lakini Jumanne moja kinyozi alikuwa anapita karibu, akashindwa kujizuia, akapanda ngazi kumsalimia. Alimkumbatia mlangoni tu, akaondoka. Jumamosi gazeti likatoka na habari kwamba bia ya ngano ya binti mmoja aliyeanza kiwanda chake juzi juzi ina mnanaa usio na mahali. Binti akapiga simu. Hakuwa ametia mnanaa. Pua alionja tena, akakuta ngano, ndizi mbivu na karafuu, vyote vimekaa mahali pake. Aliandika kuomba radhi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Kwa kinyozi alilitaja kama mzaha tu. "Umeniharibia bia ya mtoto wa watu."

Kinyozi alicheka. Lakini walipoagana jioni hiyo hakumkumbatia.

Jioni iliyofuata walipokutana, Pua alimsogelea kizingitini, akanusa. Kinyozi alikuwa hana harufu. Hakuwa na spiriti, hakuwa na poda, hata jasho la mtu aliyesimama kutwa halikuwepo. Alikuwa safi kama sahani iliyooshwa ikakaushwa.

"Umeoga?" aliuliza.

"Nimeoga."

"Wapi?" Kule dukani kwake alipajua. Palikuwa na sinki la kuoshea brashi, basi.

Kinyozi aliangalia viatu vyake. "Kwa rafiki."

Pua hakuuliza zaidi, kwa sababu alidhani jibu analijua. Kabla ya kinyozi kulikuwa na mwanamume mwingine, aliyekuwa amekwisha kumvisha pete. Huyo hakuwahi kurudi na marashi ya mwanamke yeyote. Alirudi jioni akinukia sabuni tu, hadi siku Pua alipojiuliza mtu anayeshinda ofisini anaoga wapi. Jibu alilipata, na pete akairudisha. Tangu hapo kilichomtisha kwa mwanamume hakikuwa harufu ngeni, bali kukosa harufu.

Alivumilia siku chache. Kila jioni kinyozi alikuja vile vile, safi, akimwita laazizi, na kila jioni Pua alijiona anarudi katika siku zile za pete. Mwisho akampigia simu.

"Jumamosi usije," alisema. "Wala Jumamosi nyingine."

Mashine ikazimwa upande wa pili. "Nimekosa nini?"

"Unajua."

"Sijui, mpenzi wangu. Niambie nijirekebishe."

"Nenda kaoge. Ukimaliza utakumbuka."

Pua ndiye aliyekata simu, halafu akakaa ameishika kwa mikono miwili kama kitu kilichovunjika.

Majuma yakapita. Bia ziliendelea kuja, naye aliendelea kuonja, ila wasomaji waliandika kuuliza mbona siku hizi maneno yake ni makavu. Dada yake mkubwa, mshonaji, mwanamke asiyejua kuzunguka jambo, alimtembelea akiwa na pini bado zimechomekwa kwenye kola. Aliusikiliza mkasa wote, akauliza kama kinyozi mwenyewe aliulizwa. Hakuulizwa. Akauliza kama huyo mwanamke wa pili alionekana, au alisikika, au alinuswa. Hakuonekana, wala kusikika, wala kunuswa.

Dada alitazama glasi iliyokuwa mkononi mwa mdogo wake.

"Unafanya nini na hiyo?"

"Naingoja ipate joto."

"Bia ya mtu usiyemjua unaikumbatia mpaka ipate joto. Binadamu mwenzako umemmwaga pamoja na povu lake." Akachukua mkoba wake. "Mimi nina gauni la bibi harusi linaningoja."

Kesho yake mchana Pua alitoa mtandio mweupe kwenye droo, akaufunga shingoni, akaenda.

Duka la kinyozi lilikuwa kati ya duka la dawa na kibanda cha fundi simu. Zamani harufu yake ilikuwa ikikupokea tangu barabarani. Leo alifika mlangoni bila kupokelewa. Kioo kilikuwa safi, mashine zimepangwa, viti viwili vitupu. Katika cha tatu alikaa mzee mmoja amefungwa shuka, povu nusu ya uso, amenuna.

"Karibu, binti," alisema mzee. "Kinyozi kafuata maji ya moto kwa fundi. Kama umekuja kumnunulia mtu marashi, rudi. Humu hakuna tena."

Pua aliuliza yamekwenda wapi.

"Kayafungia. Ana mwanamke, na mwanamke ana pua. Basi sisi sote tunanyolewa kwa maji matupu kama kuku wa sherehe. Poda hakuna. Spiriti anatupaka ile isiyo na harufu, inachoma tu. Wenzangu wamehamia kwa yule wa kona." Mzee alifuta povu lililomwingia mdomoni. "Na hayo hayamtoshi. Jioni anakwenda kuoga chumbani kwa fundi, kwa sabuni ya mche, anajisugua mpaka fundi analalamikia maji. Mtu mzima, anasuguliwa na mapenzi."

Pua alishika mgongo wa kiti kitupu. "Na huyo mwanamke anasemaje?"

"Kamwacha."

"Kwa nini?"

"Kinyozi mwenyewe hajui. Mimi nadhani bado ananuka."

Kinyozi aliingia na jagi la maji ya moto. Alipomwona, maji yakamwagika kidogo juu ya kiatu chake, wala hakutazama chini. Alikuwa amekonda. Ndevu zilizokuwa zikichongwa kwa rula zilikuwa zimeachwa zijiotee.

"Shikamoo ya mzee umeitoa?" aliuliza, maana hakupata lingine.

"Nimesahau." Pua akamgeukia mzee, akamwamkia, mzee akaitikia huku akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Uso wake, ile nusu isiyo na povu, ukaanza kuelewa.

"Kwa nini hukuniambia unaoga kwa fundi?" aliuliza Pua.

"Niseme nini? Kwamba nimekaa kwenye beseni la mwanamume mwenzangu kwa ajili yako?" Kinyozi aliweka jagi chini. "Nilikuharibia kazi. Yule binti wa bia ya ngano angeweza kufunga kiwanda. Nikasema afadhali nitoke mimi harufu kuliko utoke wewe kwenye gazeti."

"Mwanamume aliyenitangulia alikuwa anaoga kabla ya kuja kwangu," alisema Pua. "Hivyo hivyo. Safi, bila harufu. Alikuwa anatoka kwa mwingine."

Kinyozi alifuta kiatu kilichomwagikiwa maji. Alikuwa mtu wa kulichukua neno polepole, kulitazama kabla ya kulijibu.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe.

"Ningekuuliza. Nilihukumu kwa funda la kwanza. Nisamehe."

Akaufungua mtandio shingoni, akamnyooshea. "Nusa."

Kinyozi alinusa. Ulikuwepo mnanaa kwa mbali, na spiriti, na poda kidogo sana, kama sauti inayotoka chumba cha pili.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Sijaufua tangu tuanze. Jumanne peke yake ndiyo siwezi kuwa nawe karibu. Siku nyingine zote nilikuwa naishi kwa hiyo harufu, nikaona haya kukwambia. Chupa iko wapi?"

Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwa gazeti. Kinyozi aliishusha lakini hakuitoa mkononi.

"Nimewaza jambo," alisema. "Nyumba iwe na chumba kimoja ambacho marashi hayaingii. Kina dirisha kubwa na meza yako ya bia. Vyumba vingine vyote niingie nilivyo."

"Hiyo ni posa?"

"Ni ramani ya nyumba."

Pua aliifikiri ramani hiyo. "Mlango wa chumba cha bia ufunge vizuri," alisema.

"Nitautafutia fundi mwenyewe."

"Na fundi simu umrudishie beseni lake."

Mzee alikohoa kitini. Alisema hana haraka, ila povu lilikuwa limeanza kukaza shavu, na kama hapo pana bibi harusi basi angeomba ampendelee mzee kwa tone moja la ile chupa. Walicheka wote watatu. Pua akaitwaa chupa, akaifungua, akamimina kiganjani, akampaka kinyozi nyuma ya masikio na shingoni, taratibu, kama anayepasha glasi joto. Kisha akainua uso, akafumba macho, akanusa kwa pumzi fupi fupi. Akasubiri. Akanusa tena.

"Na sasa?" aliuliza kinyozi.

"Sasa ni wewe."

Nyuma yao mzee akapiga chafya, akasema alhamdulillahi, na duka likawa duka tena.